Muhtasari

Kazi yangu kuandika.
Sheha alinipa daftari jipya na kalamu mbili, moja ya akiba,
akanambia: Zuwena, andika yenye maana tu.

Skuli ya Micheweni, darasa la saba B.
Ubaoni kulikuwa na hesabu ya sehemu
ambayo hakuna aliyeimaliza.
Wageni wakatundika ramani juu yake.
Mstari mwekundu ulitoka baharini,
ukapanda pwani, ukakata makaburi,
ukaenda zake
kama mtu asiyemjua mtu.

Mhandisi Kibona alisema vizuri, simsingizii.
Bomba litafukiwa mita mbili chini.
Nyasi zitaota juu yake.
Hamtajua kama lipo.
Litapita tu.
Hilo "litapita" nimeliandika mara kumi na moja.

Shaame Kombo akainuka, kofia mkononi:
"Hata mpita njia hupiga hodi.
Na hili, kupita kwake kutachukua miaka mingapi?"
Niliandika: Mwananchi aliuliza muda wa mradi.

Bi Mize Faki, mponda kokoto tangu mumewe afe,
aliomba asomewe tena pale palipoandikwa
"ardhi ya mawe, isiyo na matumizi."
Akasomewa.
Akanyoosha viganja vyake viwili mbele ya meza kuu.
"Matumizi yake haya hapa.
Mwanangu yuko chuo, mwaka wa pili,
kasomeshwa na mawe hayo, ndoo kwa ndoo."
Niliandika: Suala la fidia lilijitokeza.

Kijana mmoja nyuma akapiga kelele "Bomba!"
wenzake wakacheka, sheha akawakodolea macho.
Lakini aliuliza na la maana: gesi hiyo
itafika jikoni kwa mama yake?
Mhandisi alikunywa maji kwanza.
Kwa awamu hii, hapana.

Kisha makaburi.
Fomu inataka jina la marehemu, mwaka wa kufariki,
na mashahidi wawili.
Hamadi Sharifu akasema: "Majina mengine yamepotea.
Mashahidi wapo. Mmoja kichwani, mmoja miguuni,
wamesimama hapo kabla hajazaliwa babu yangu."
Dada wa mazingira, kalamu tayari, akauliza kwa adabu:
"Hao mashahidi wanaweza kuitwa?"

Hakuna aliyecheka kwa sauti.
Kalamu ya kwanza ikaisha wino papo hapo.

Saa saba na robo, mwenyekiti yumo katika kushukuru,
wakaingia wanawake wa mwani.
Tangazo lilisema saa nne.
Siku za bamvua, saa nne maji yametoka hadi mwambani,
nani mwenye akili zake ataacha kamba?
Kanga zilichuruzika. Mchanga vifundoni.
Mama yangu wa tatu kutoka mlangoni, hakunitazama.

Riziki Makame hakurefusha salamu:
"Mlipopanga saa, bahari mliiuliza?"
Mwenyekiti akasema muda umekwisha,
wenye maoni wachukue karatasi.
Wakachukua.
Karatasi zikalowa mikononi mwao.

Kwenye mahudhurio nilikuwa nimeshaandika: wanawake tisa.
Nikafuta. Nikaandika arobaini na moja.
Sheha akasema, hawa hawakuwepo.
Nikamwonesha sakafu.
Alitia sahihi, pembeni kabisa,
mbali na ile tisa iliyofutwa.

Usiku mama alikuwa anafunga tai za kamba mpya
kwa mwanga wa simu yangu.
Nisomee, akasema.
Nikamsomea yote, kurasa nne, mpaka "kikao kilifungwa."
Hakuacha kufunga.
Alipofika kwenye fundo la mwisho akauliza:

"Huyo Mwananchi
ni mtoto wa nani?
Maana amesema maneno machache,
na mimi watu wa hapa nawajua."